Formador na Soko la Samaki

Jumanne, baada ya isha

Na huyo ndiye anayetufundisha ualimu! Asubuhi nzima formador wetu, mkufunzi wa chuo cha ualimu, alitusomea makaratasi kuhusu kumshirikisha mwanafunzi. Nilipoinua mkono akaniambia, "Dada, shusha mkono, sikiliza."

Mchana Zainabu, mwanafunzi mwenzangu, alifundisha hesabu kwa kuwachezesha watoto wa shule ya mazoezi soko la samaki. Binti mmoja, aliyekuwa hasemi darasani tangu familia yake ikimbie vita kule Diaca, akapaza sauti: "Mama, pweza huyu ghali, punguza!" Zainabu akapunguza huku machozi yanamlenga.

Formador akaingia, akapiga meza. "Kelele gani hizi? Kaeni, mikono kifuani!"

Wakanyamaza wote. Akatabasamu, kajiona mwalimu.

Naogopa binti yule hatasema tena. Mpumbavu hata jina lake hakuuliza.