Ndege ya Saruji Juu ya Paa

Mjukuu wangu Simrat,

Nakusalimu kwa jina la Mungu wa kweli. Hujambo wewe? Kifua kimepona na hiyo baridi ya Kanada? Sisi huku wazima, ila goti langu, na yule nyati wetu mweusi wa kufugwa kapunguza maziwa, namsema kila asubuhi hasikii. Anayeniandikia ni Balwinder fundi cherehani. Ameapa kufunga mdomo, na nimemwambia aandike kila ninachotamka.

Haradali imechanua mpaka ukutani kwetu. Juzi nilipika mboga yake, nikakukumbuka ulivyokuwa unakomba chungu. Nilikuwa nasema nini? Ehe, ndege.

Si unaijua ile ndege ya saruji aliyoijenga baba yako juu ya paa, lile tangi la maji lenye umbo la eropleni? Ulipomaliza chuo ukatutumia picha ya kibali cha kazi, sisi tukadhani ndiyo umeshakuwa mtu wa huko moja kwa moja. Nani alituambia kwamba kinatolewa mara moja tu, muda wake ukiisha basi? Baba yako akaita wapiga ngoma, akagawa vitamu vya ladu kijiji kizima, akapandisha ndege. Sasa jirani yetu Nachhattar kila akipita anamuuliza, wee Jagtar, hiyo ndege yako itaruka lini, au imezoea kunywa maji tu? Zamani baba yako alikuwa anacheka. Siku hizi anaingia ndani.

Uliposema kwenye simu kuwa kibali kinakwisha wakati wa kuvuna ngano, na bosi wa ghala unakofanya kazi kakataa kukuombea cha aina nyingine, na umechoka unataka kurudi nyumbani, mimi nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikaanika godoro lako. Baba yako akaniuliza, Mama, unamwanikia nani? Nikamwambia, mwenyewe.

Balwinder ananiuliza jambo lenyewe nitalifikia lini, karatasi inakwisha. Subiri, Balwinder.

Mwanangu, kaka yako Harjot kapata mchumba. Wazazi wa msichana wamekubali kwa sababu baba yako amewaapia kwamba una makazi ya kudumu, na utawavuta wote wawili huko. Wakikuona hapa na sanduku lako, posa imevunjika. Basi baba yako amenituma nikwambie usirudi. Kibali kikiisha ujifiche hukohuko, ufanye kazi za kujificha kama wenzako. Nilimwambia amwambie mwenyewe mtoto wake. Akalia, mwanamume mzima, akanishika miguu. Haya, nimeshasema.

Nimebishana naye mpaka sauti imekauka. Nyumba hii siyo yangu, mimi nakaa tu. Ndege imeanza kuvuja, maji yanadondoka chumbani kwako. Godoro nimelihamishia kwangu, nalilalia mimi.

Balwinder anakusalimu. Kula ushibe, ujifunike. Usinijibu, barua hapa anafungua baba yako, na simu anashika yeye.

Ni mimi bibi yako, Gurdev Kaur. Hilo doa jeusi hapo chini ni dole gumba langu. Nimelikandamiza sana.