Sahihi ya Mama

Mtaa wa Landless, Thika

Ndugu yangu Simiyu,

Huku mvua imenyesha na sukuma wiki imeshuka bei. Mama anakusalimu, ingawa siku hizi haongei sana.

Kibanda chake cha sokoni kilibomolewa Jumanne. Nilienda ofisi ya kaunti kupiga kelele, karani akanionyesha karatasi. "Si mlikubali nyinyi wenyewe?"

Ilikuwa orodha ya waliohudhuria mkutano wa maoni ya wananchi kuhusu kubomoa soko. Maoni gani? Tuliambiwa anayeandika jina atapata soda na mkate, tukapanga foleni.

Mama hajui kuandika, unajua. Basi jina lake liko juu kabisa, kwa huu mwandiko wangu uliokuwa ukiusifu. Na kwa vile ana kisukari, soda yake niliinywa mimi.

Dada yako,
Nekesa