Wingu Lililopanda Kutoka Shimo la Mungu

Newala,
Mwezi wa saba, 1993

Mwanangu mpendwa Oliva,

Salamu nyingi zikufikie wewe, na mkwe wangu Anthony, na mume wangu mdogo, mjukuu ambaye mpaka leo sijamwona hata pua. Sisi huku hatujambo. Mguu wangu bado unauma asubuhi, lakini ukipata jua unanyamaza. Baba yako mzima, anakula, jana kala mpaka akaomba ukoko. Nimeanza na hilo ili ujue habari ninayokuandikia si ya msiba, maana najua barua ya nyumbani ukiiona unashika kifua kabla hujaifungua. Ugonjwa huo umeurithi kwangu.

Huko Njombe nasikia mwezi huu maji yanaganda juu ya majani. Mtoto mfunike kichwa. Usiniambie wewe ni nesi, unajua. Manesi ndio wanaosahau wa kwao. Na jiko la mkaa lisilale chumbani mlimofunga madirisha, nakuomba sana.

Barua yako uliyompa dereva wa lori la mbao ilinifikia. Umeniuliza jambo moja ukalirudia: je, baba ameingia? Umesema unataka mtoto abatizwe huku kwetu, katika kanisa jipya, na babu yake ndiye amwingize mlangoni kwa mikono yake, na kama babu haingii basi hata safari hamtaianza. Barua hiyo ililala chini ya mto wangu muda mrefu kwa kuwa sikuwa na jibu. Sasa ninalo. Lakini nitakueleza kwa mpango, usiruke mistari ukaenda chini.

Unakumbuka ulivyoliacha kanisa. Kuta zimesimama, juu nyasi, na mvua ikinyesha padri anahamisha kitabu kutoka upande huu kwenda ule. Miaka ile simenti ilikuwa ya kibali, na kibali kilikuwa cha wenye ndugu mkoani. Siku hizi ukifika Masasi unashangaa. Simenti imepangwa nje ya maduka kama magunia ya makopa ya muhogo, bati zinang'aa, hata misumari unachagua. Watu wakauza korosho kwa hawa wanunuzi wapya, wakakumbuka kutoa sadaka, na bati zikapanda juu. Mvua ya kwanza ilipozigonga, wazee walikaa ndani wakaisikiliza tu kama watu walio kwenye ngoma.

Baba yako ndiye fundi tangu msingi. Na tabia yake ya maji unaijua. Fundi mkuu, mwenye wasaidizi, lakini maji ya kuchanganyia simenti hakubali achote mwingine. Anafunga madumu kwenye baiskeli, anateremka bondeni, anapanda anasukuma, na akifika anawanywesha vibarua kwanza kabla hajamwaga hata tone kwenye mchanga. Wanawake tulikuwa tunamcheka. Husseni, jirani yetu na mtani wake, alikuwa akimwambia mbele za watu, "Mmakonde, uliolewa lini, mbona hatukualikwa?" Baba yako anacheka, anaendelea kusukuma. Tulidhani ni mazoea tu, kama mtu anayependa kula amesimama.

Baada ya Pasaka tukaambiwa askofu atakuja kulitabaruku kanisa, kuliweka wakfu. Mwalimu Nikolao, katekista wetu, akaanza kutukusanya kila Jumatano alasiri, anatufundisha jinsi Sulemani alivyoliweka wakfu lile hekalu la Yerusalemu, tusije tukawa kama watu wanaohudhuria arusi ya mtu wasiyemjua. Mimi nilipenda mno. Alisema mawe ya hekalu yalichongwa mbali, pale penyewe isisikike nyundo. Kina mama wakanigeukia mimi, maana nyundo ya baba yako inasikika mpaka sokoni. Alisema makuhani walipoliingiza sanduku la agano, wingu likaijaza nyumba, wakashindwa hata kusimama wafanye kazi yao, na wingu lile ndiyo alama kwamba mwenye nyumba amefika. Basi tukawa tunaulizana, kwetu wingu litatoka wapi, na Newala hata maji ya kunywa ni ya kuombana. Husseni alipopata habari akasema Nabii Suleimani ni wa Waislamu pia, kwa hiyo wingu likija lipite kwake kwanza limjazie kisima.

Kisha ikafika Jumatano ya Daudi. Mwalimu Nikolao akaeleza kwamba Daudi ndiye aliyetamani kujenga tangu mwanzo, akakusanya mawe na mbao na shaba, lakini akaambiwa hapana, wewe umemwaga damu nyingi vitani, atajenga mwanao. Baba yako alikuwa juu ya jukwaa anapiga lipu nyuma ya altare, anasikiliza huku anafanya kazi. Nikaona mkono umesimama. Akashuka, akauosha mwiko wake vizuri, akatoka nao nje, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena ndani. Lipu ya altare ikamaliziwa na msaidizi. Yeye akashika kazi za nje, ngazi, mfereji wa bati, msalaba wa juu. Jumapili alisali dirishani, kwa nje, amesimama.

Ndipo nilipokuandikia ile barua iliyokutia hofu. Watu walisema mengi. Walisema amenuna kwa sababu jina lake halimo kwenye jiwe la msingi. Wengine wakasema Husseni amemvuta upande wake. Husseni aliposikia akawajibu kwamba kama angetaka kuvuta mtu angevuta anayejua kunyamaza, si Mmakonde anayeimba nyimbo za Krismasi mwaka mzima nyuma ya baiskeli.

Mimi kila nikimuuliza ananiambia kazi ya ndani imekwisha. Na desturi unaijua: siku ya kutabaruku askofu anakuta mlango umefungwa, anaugonga kwa fimbo yake, fundi anamkabidhi ufunguo, kisha anaingia nyuma yake. Fundi asipoingia, watu watasema nyumba ile ina neno. Nilikonda, Oliva. Blauzi yangu ya sare ilinipwaya mpaka nikaipunguza.

Wiki yenyewe ya sherehe akaniita nyuma ya nyumba, akanieleza sababu. Nitakwambia, ngoja. Nilimjibu nilivyoweza. Akatoa ufunguo mfukoni, akanipa, akasema nimpe askofu mimi.

Askofu alilala misheni ya Chidya, akatufikia asubuhi. Asubuhi hiyo baridi ya mwezi wa saba ilikuwa imekaza, na ukungu ukaanza kupanda kutoka Shimo la Mungu, lile bonde letu. Ukungu wetu unaujua, lakini huu ulikuwa mwingine. Ulipanda ule mteremko kama moshi wa shamba linalochomwa, ukaifunika mikorosho, ukaifunika nyumba ya Husseni, ukatufikia kanisani. Nilishika kanga ya mwenzangu aliye mbele nisipotee kwenye uwanja niliofagia mwenyewe. Askofu akainua fimbo, akagonga. Ikalia bati. Alikuwa amegonga mfereji. Mwalimu Nikolao akamshika kiwiko kwa adabu, akamsogeza, akagonga tena, ikawa ubao wa dirisha. Husseni, aliyekuwa upande wa wageni, akauliza, wala si kwa sauti ndogo, kama Wakristo leo wamehamisha mlango. Aliyeanza kucheka ni askofu mwenyewe.

Mlango ulipopatikana nikafungua fundo la kanga, nikamkabidhi ufunguo. Akaniuliza fundi yuko wapi. Nikamwambia yupo, Baba Askofu, ni ukungu tu. Na kweli alikuwepo, dirishani, amesimama na Husseni.

Tukaingia, na ukungu ukaingia nasi. Madirisha hayajapata vioo, kwa hiyo ulijaa ndani mpaka mishumaa ikawa vidoa. Padri alileta kitabu karibu na pua, wapi. Askofu akasema tukae tungoje. Kisha mtu mmoja nyuma akasema polepole, wingu. Neno likapita benchi hadi benchi, wingu, wingu. Tulikuwa tukilitania, kumbe liko njiani.

Kwa kuwa hakuna aliyeweza kusoma, Mwalimu Nikolao akaambiwa atoe somo kwa kichwa. Akasimama pale ndani ya weupe ule, sauti tu, akaomba kama Sulemani alivyoomba siku yake: kwamba mbingu zenyewe hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba hii, lakini mtu akigeukia hapa na kuomba, amsikie. Akawataja kundi kwa kundi. Mvua ikikosekana wakaomba, uwasikie, Bwana. Njaa ikiingia, wasikie. Mgeni akija kutoka nchi ya mbali akaomba, msikie naye. Hapo Husseni akaitikia amina kutoka nje, watu wakacheka chinichini. Kisha Nikolao akasema, na watu wako wakitoka kwenda vitani, kwa njia uliyowatuma wewe, wakakuomba wakiielekea nyumba hii, wasikie. Mwanangu, hayo nayo aliyafundisha, lakini ilikuwa Jumatano ambayo baba yako alikuwa amekwisha kutoka nje.

Muda kidogo nikasikia mtu anajibana kwenye benchi letu. Nikanusa simenti. Mkono ukautafuta wangu, mgumu kama jiwe la kusagia. Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka atatoka. Tukakaa hivyo hivyo, na kwaya ikaanza kuimba bila kuonana na mwalimu wao, kila mtu kwa mwendo wake, na bado ilipendeza.

Jua lilipopata nguvu, ukungu ukaondoka taratibu. Kwanza paa likaonekana, kisha madirisha, kisha nyuso. Na baba yako akajikuta ameketi upande wa wanawake, katikati ya kina mama wenye sare, peku, kofia mkononi. Kicheko kilichotoka pale, na vigelegele, askofu alishindwa kuendelea, akakaa kwenye kiti chake akafuta macho. Husseni akachungulia dirishani ameshika kandambili za baba yako, akauliza kama sasa ndoa imekuwa rasmi, maana yeye ni shahidi.

Baadaye Husseni alinieleza vizuri, bila utani. Alisema neno la vita lilipotajwa, baba yako aliinama akavua kandambili, akampa azishike bila kusema kitu, akaenda akipapasa ukuta, tofali kwa tofali, yale aliyoyapanga mwenyewe, mpaka mkono wake ukaukosa ukuta. Ndipo akajua amefika mlangoni.

Tulikula mpaka jua linazama, kuku, mbaazi, ming'oko ya kuchimba porini, na maji yote yalitoka kwenye kisima cha Husseni. Anasema wingu lilipita kwake kweli ila halikuacha kitu, anasubiri la pili.

Sasa lile neno. Baba yako ameniruhusu. Amesema mwandikie mwanangu, mimi mkono wangu hauwezi.

Wakati wa vita vya Uganda ulikuwa bado mdogo. Aliporudi alituambia alikuwa mpishi jeshini, nawe ukawa unamtania kwa nini ugali wake hauivi. Hakuwa mpishi. Alishika bunduki kama wenzake. Siku moja, kwenye migomba, alimwona kijana wa upande wa pili ameinama kwenye kijito anajaza maji ya askari wenzake. Kijana alikuwa ameweka bunduki yake chini. Baba yako hakuiweka yake. Anasema yule hakuwahi hata kunywa. Hayo ndiyo madumu, Oliva. Ndiyo sababu anawanywesha watu kwanza. Na mimi nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii, nacheka pamoja na wenzangu.

Kule nyuma ya nyumba nilimwambia hivi, nami Maandiko siyajui kama Nikolao. Nilimwambia Daudi alikatazwa kujenga, hakukatazwa kuingia. Na wewe kujenga umekwisha jenga, na ukuta haujaanguka. Tena huyo Sulemani, mama yake nani? Si yule ambaye mume wake wa kwanza Daudi alimpeleka vitani ili afe? Mungu aliyajua hayo yote, na wingu bado lilikuja. Aliponipa ufunguo nikadhani nimesema upuuzi. Juzi ndiyo ameniambia kwamba pale dirishani maneno yangu na ya Nikolao yalikutana.

Usimlilie, wala usimwandikie pole. Ataona haya. Siku hizi analala mpaka jogoo anamchoka, na mimi ndiye ninayeamka kumsikiliza kama anapumua.

Njooni mwezi wa nane, kabla watu hawajazama kwenye korosho. Padri amesema Jumapili yoyote. Mkifika Masasi msipande gari la jioni, laleni kwa mjomba mje mchana. Sisi kina mama tumekwisha kugawana kazi, nani apike, nani apambe, nani alete maji ya kubatizia. Jioni nikamsomea baba yako mgawanyo huo, naye alikuwa ameinama anajaza upepo baiskeli. Hakuinua kichwa. Alisema mengine tugawane tupendavyo, lakini maji ya mtoto huyu asichote mtu mwingine.

Msalimie Anthony, mwambie mama mkwe anamshukuru kwa rangi ya madirisha ya kanisa aliyotutumia. Wasalimie na wenzako wa zamu. Husseni na nyumba yake wanakusalimu, anasema mletee viazi vya Njombe. Baba yako anasema karibuni nyumbani.

Mtoto mfunike kichwa njiani.

Ni mimi mama yako akupendaye,
Rose Silvano