Vitambaa Vyekundu Kwenye Pori la Buibui

Nyumba ya kona,
Nyuma ya machimbo ya mawe.
12 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imekusaidia, au bado unapanda ngazi kwa kunung'unika? Sisi ni wazima wa mwili, ila mimi roho iko juu tangu wiki iliyopita.

Unaijua kazi yangu ya kulinda buibui wa mgongo wa shaba, wale unaowaita wakwe zangu. Hawajaonekana kwingine ila kwenye pori dogo la hapa machimboni, na sasa linafyekwa yajengwe maghala. Mwenye eneo alikubali kuviacha vichaka vyenye mayai mpaka yaanguliwe. Nikafunga kitambaa chekundu kwenye kila kimoja, kama tufanyavyo kazini kwetu kuonya watu wasiguse.

Dereva wa tingatinga ni mdogo wangu, Bonge. Nilifurahi, nikaona damu nzito kuliko maji. Sikumweleza lolote, nikidhani kitambaa kinajieleza. Kumbe kwao madereva wa tingatinga chekundu maana yake ng'oa. Aliniona nikivifunga, basi akaanza na hivyo hivyo ili anifurahishe. Nilipofika alikuwa anajifuta jasho, anacheka.

"Dada, vyako nimevimaliza vyote."

Majuto ni mjukuu, Shangazi, na wangu amehamia kabisa. Nilimrudisha Bonge nyumbani, nikapekua matawi peke yangu mpaka giza likaingia, nikampata buibui mama mmoja na kifuko chake cha mayai. Yumo kwenye chupa, juu ya kabati chumbani kwangu. Hajala. Naogopa kufungua dirisha, naogopa kufagia, naogopa hata kufunga mlango kwa nguvu. Mayai yakianguliwa, imebaki kona moja tu ya pori ya kuwarudisha, na mwenye eneo anaitaka nayo.

Bonge amekonda, jina itabidi tumbadilishie. Hajarudi kazini. Kila akipita mlangoni ananiuliza wamebaki wangapi, nami namjibu wako tele.

Nisalimie binamu zangu wote, hasa yule mkwepa vyombo, na mwambie baba wa nyumba redio yake bado naitunza.

Bonge anasema atakupigia simu. Akikuuliza, tafadhali nawe sema wako tele. Ni mmoja, Shangazi, na tangu jana jioni hajasogea.

Mungu akuzidishie afya. Ukituombea, omba tu asogee.

Mwanao akupendaye,
Dada yake Bonge