Mapigo ya Masalu

Jumatatu, 20 Novemba 1961
Masalu amerudi nyumbani. Wiki saba hospitali, baada ya kuanguka mbioni. Amekonda, shingo kama ya kuku. Daktari kanipa daftari hili. Kila asubuhi, kabla hajainuka kitandani, nishike mshipa wa mkono wake, nihesabu mapigo mpaka mshale mwembamba wa saa uzunguke mara moja. Niandike. Yakizidi themanini moyo bado mgonjwa, asikimbie.
Mbele naandika hesabu yake. Huku nyuma naandika yangu, maana sina wa kumwambia. Baba yake alianguka hivi hivi shambani. Hakuinuka.

Jumanne, 21 Novemba
Nimejaribu mara tatu. Macho yakienda kwenye saa, hesabu inapotea. Shule niliishia darasa la pili. Nimechukua rozari. Pigo moja, ushanga mmoja. Kila fungu ni kumi, hilo nalijua hata nikifumba macho. Mafungu saba na shanga sita – sabini na sita. Masalu anacheka: Mayu, unanisalia kama maiti. Nimempiga kofi la mguu. Maneno gani hayo kwa mama yako.

Jumapili, 26 Novemba
Sabini na tano. Anakula ugali na sato, anamaliza. Lakini akipanda huu mlima wetu wa mawe anasimama katikati, anajidai anatazama ziwa. Namwona.
Ndalahwa, mwalimu wake wa mbio, kaja. Shikamoo mama, siku ya Uhuru kuna mbio kutoka Usagara mpaka mjini, hatuna mwingine wa kumtegemea. Nikamwuliza, si ulikuwepo alipoanguka Septemba, midomo kama majivu? Kasema daktari ndiye ataamua.

Alhamisi, 7 Desemba
Daktari kapima wakimbiaji wote. Kwa Masalu kakawia, kifaa kifuani. Kasema ile kelele ya moyo bado anaisikia kidogo. Nikashukuru kimoyomoyo – atamkataa. Ndipo akafungua daftari. Sabini na sita, sabini na tano, sabini na saba. Kasema, mama, umefanya kazi kuliko manesi wangu. Moyo umetulia. Akimbie, ila asishindane.
Asishindane! Masalu huyu?
Namba ni zangu mwenyewe.

Jumamosi, 9 Desemba
Leo Uhuru. Sabini na saba. Lori limewachukua alfajiri. Kaniambia, nisubiri mjini, darajani Mirongo, ukiona nimekuwa wa pili unichape.
Jirani yangu Bernadeta kaja tumwombee. Fungu la kwanza likaisha, yeye akaanza Baba Yetu, mimi vidole vimeshapita. Mama Masalu, unaruka ushanga mkubwa, una haraka ya wapi?
Nikautazama ule ushanga, ulio kati ya fungu na fungu. Asubuhi zote hizi pigo linaangukia hapo, nami napita nao, ila kwenye hesabu siutii. Kwangu fungu ni kumi. Ule ni wa Baba Yetu. Mafungu saba – shanga kubwa saba. Mapigo saba nimeyaacha kila siku. Leo si sabini na saba, ni themanini na nne. Hakuna asubuhi hata moja aliyokuwa chini ya themanini.
Nikamwambia Bernadeta. Kasema, wewe nenda barabarani, mimi namtafuta daktari. Leo, na mji wote uko kwenye sherehe.
Magari yamezuiwa. Nimetembea njia ya Usagara, nimkute njiani. Niko juu ya jiwe hapa nje ya mji. Naandika nikiwasubiri. Akiona daftari ataniamini. Labda atasimama.
Polisi wa pikipiki kapita, kasema wanakuja. Mzee mmoja kaniambia, mama, usikae njiani.
Nawaona. Mmoja kawaacha wenzake mbali sana. Ni yeye, namjua kwa urefu. Mkono wa kulia ameuweka kifuani, anakimbia nao hivyo hivyo. Watu wanapiga makofi – wanasema, mwoneni, anaisalimu bendera.
Naingia barabarani