Mwisho wa Hadithi Niliokunyima

Mama,

Nakuandikia wewe ambaye hukujua kusoma. Dada yangu Chebet akijua atanicheka, kisha atalia, ndiyo maana sijamwambia. Lakini kuna neno moja nimekaa nalo tangu ulipotuacha, na mdomo umekataa kulisema. Labda kalamu itakubali.

Nilikunyima mwisho wa ile hadithi. Uliniuliza mara tatu ukiwa kitandani hospitalini, na mara tatu nikakataa. Halafu ukafa. Hilo ndilo neno lenyewe.

Unakikumbuka kile kitabu kisicho na jalada, nilichokipata kwenye rundo la vitabu kuukuu sokoni Kericho nikiwa kidato cha pili. Hadithi za Wazungu wa kale, za wizi na upelelezi, zote zikitokea Krismasi. Kila Desemba tulisoma moja tu ili zisiishe upesi, na zilipoisha tukaanza upya, nawe ukijifanya umesahau mwizi ni nani. Nikirudi kutoka kupeleka majani ya chai sentani yakapimwe, nawe umemaliza kukamua, tulikaa jikoni karibu na moto, nikisoma Kizungu kwa macho na kukuambia kwa lugha yetu. Theluji ilinishinda. Nikakuambia ni kama mvua ya mawe, ila haina kelele. Ukauliza imeharibu chai ya nani. Nikasema kule hawalimi chai. Ukawahurumia watu hao hadithi nzima, hata mwizi ukamhurumia.

Hiyo ya mwisho kitabuni tulikuwa tukiiruka kila mwaka kwa sababu ni ndefu. Miguu ilipokuvimba na moyo ukaanza kukusumbua, daktari akakulaza, nikaona sasa tuna muda. Bibi mzee, mgonjwa, katika nyumba kubwa. Pete yake imepotea, kesho ni Krismasi. Nje theluji imelala bila alama ya mguu hata mmoja, kwa hiyo mwizi yumo ndani. Kila saa ya kuona wagonjwa nilikusomea kidogo, na akina mama wa vitanda vya jirani wakatega masikio ingawa hawakujua lugha yetu. Tulipofika pale mpelelezi anawakusanya wote sebuleni, nikafunga kitabu.

Nilijiona mjanja. Nilijiambia, mtu mwenye hamu ya kujua hafi. Nikakuambia, "Mwisho tutausoma nyumbani siku ya Krismasi, ukiwa na kikombe cha maziwa ya mursik mkononi." Ukacheka. Kesho yake ukasema, "Weri, kijana wangu, niambie tu, ni nani?" Nikasema, "Pona kwanza." Siku iliyofuata vilevile. Mara ya tatu hukucheka. Ulisema, "Basi nitasema mwenyewe. Hapo hakuna mwizi. Huyo bibi amempa mtu pete yake. Mtu akijua safari imefika, anagawa kwa mkono wake, asiache watoto wakigombana."

Nami nikacheka, Mama. Nikakuambia hadithi ya upelelezi bila mwizi haipo.

Na juma lilo hilo ulikuwa umempa Chebet yule mtamba wetu. Leso yako ya kwenda kanisani ukampa jirani wa kitanda. Mimi ukanielekeza kibuyu chako cha maziwa kilipo, na mti gani nichome nipate mkaa wa kukisafishia. Miaka yote hiyo najivunia kuona tope kwenye kiatu cha mwizi wa Ulaya, na mama yangu anagawa vitu vyake mbele ya macho yangu, nikaona ni mazungumzo ya kawaida. Ningefanya nini hata kama ningeona? Sijui. Labda hakuna. Labda ningekusomea tu kurasa nne zilizobaki. Zilikuwa nne tu, Mama.

Siku mbili kabla ya Krismasi walinipigia simu kutoka hospitalini asubuhi nikiwa nakamua. Nikasikiliza, nikasema asante, nikaendelea kukamua mpaka nikamaliza. Hadi leo sijui kwa nini nilimaliza.

Hapa nyumbani tupo. Tulikulaza upande wa ua wa miti ya saipresi, unapoona chai mpaka bondeni. Mvua ya mawe ilipiga mwezi wa nne, majani yakatoboka kama chujio, sasa yamerudi. Ng'ombe wako mwekundu ameukataa mkono wangu. Ananipiga teke kila asubuhi, lakini Chebet akija anatulia. Mursik yangu hata paka anaitilia shaka. Watoto wa Chebet waliulizia kile kitabu cha Krismasi, nikawaambia kimepotea. Kilikuwa chini ya godoro langu.

Juma hili nimekitoa. Nimezisoma zile kurasa nne nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitakifunga tena.

Ulikuwa sahihi. Hakuna mwizi. Bibi alimpa pete msichana aliyekuwa akimwashia moto, maana alijua hatauona mwaka mpya. Mpelelezi anamwuliza mbona alinyamaza nyumba nzima ikipekuliwa. Bibi anamjibu, "Wote mliuliza nani ameiba. Hakuna aliyeniuliza mimi."

Nimerudia hapo mpaka Kizungu chenyewe kikaacha kuwa na maana. Mimi pia sikukuuliza. Sikukuuliza kama unaogopa. Sikukuuliza unataka tukufanyie nini. Kila siku nilikuuliza kama umekula.

Sina la kufanya, Mama. Namwandikia mtu asiyejua kusoma, aliye chini ya udongo, kumwambia jambo alilolijua kabla yangu. Hata msamaha sijui nitauomba kwa nani. Lakini Krismasi, tukitoka kanisani, nitakuja hapo kwenye ua na kitabu, nikusomee mwisho wote kwa sauti, kwa lugha yetu, majirani waseme watakavyo. Chebet nitamwita. Tangu tukuzike akilia mimi humwambia anyamaze, nikidhani namsaidia.

Lala salama, mama yangu. Naahidi hili moja, kwa kuwa ndilo nililobaki nalo: siku hiyo Chebet akianza kulia, nitamwuliza kilicho moyoni mwake, kisha nitangoja mpaka ajibu.

Mwanao,
Kipkorir