Sindano Mbili Zilizobaki

Bukavu, 12 Februari 2023

Mama mpendwa,
Nakusalimu sana. Niko mzima, ila baridi ya huku haina huruma. Magoti yako je? Na Hakimu wangu? Nilikuachia mtoto wa miezi miwili mwenye chanjo moja, zimebaki mbili. Mpeleke santre ya afya, tafadhali. Zinazuia meninjiti, ule ugonjwa unaokaza shingo ya mtoto. Usisahau.
Mwanao,
Raïssa

Uvira, Kasenga, 3 Aprili

Binti yangu,
Salamu nyingi. Magoti ni yale yale. Mjukuu ni mume, na huyu wangu ananipenda: nikimwita tu anageuka, anacheka, mpaka dada yako Fadhila anaona wivu. Ile sindano ilimvimbisha paja, weye uliona, akalia hadi sauti ikakauka. Minye nilizaa sita, sikuchomesha hata mumoja. Mtoto muzima anachomwa ya nini? Moja inatosha. Soma masomo yako.
Mama yako

Bukavu, 20 Aprili

Mama,
Nakusalimu, pamoja na Hakimu. Ulizaa sita; tuko hai watatu. Paja linavimba, kisha linapona. Mpeleke, nakuomba.
Mwanao,
Raïssa

Uvira, 30 Agosti

Binti yangu,
Usishtuke, sisi wote tuko wazima. Tulilala hospitali wiki mbili. Hakimu alishikwa na homa, shingo ikawa ngumu kama mti, degedege ikamrusha. Sikukuambia sababu ulikuwa mu mitihani. Sasa amepona, Alhamdulillah, amenenepa. Ila mume wangu ameota kiburi! Ninamwita, hageuki. Ninapiga sufuria nyuma yake, anaendelea kuchezea kijiko chake. Fadhila anasema, “Mama, bwana yako amekuchoka, anatafuta bibi mwengine!” Tulicheka sana. Kitamtoka tu.
Mama yako

Bukavu, 9 Septemba

Mama,
Afya yako sitaiuliza leo.
Hajaota kiburi. Hasikii. Barua yako ilinitosha kujua, lakini nilimwendea daktari wa watoto. Alisema apimwe masikio upesi, kwa sababu meninjiti ikimwacha mtoto hai, mara nyingine huondoka na masikio yake. Alisema zamani walipokea watoto wa namna hiyo kila mara. Tangu chanjo zije wamepungua sana. “Wako alikosaje?” aliniuliza. Ningesema nini? Kwamba bibi yake alimpenda mno hata akamhurumia paja?
Raïssa

Uvira, 2 Novemba

Raïssa,
Weye una ulimi. Walimpima, ni kama ulivyosema.
Fadhila amezaa msichana, sasa ana wiki sita. Minye mwenyewe nilimbeba santre, akachomwa. Homa ikampanda, nikakesha naye, na kwa sindano ya pili nitamrudisha. Fadhila akaniuliza, “Kumbe Mama, akili inakuja kwa mtoto wa pili?” Uje unitukane hapa, nikuone uso, kuliko kunitukana kwa karatasi.
Mama yako

Bukavu, 11 Novemba

Mama,
Ninakuja Jumamosi ijayo kumchukua. Huku kuna shule ya viziwi. Watamfundisha kusema kwa mikono, nami nitajifunza pamoja naye. Mtoto wa Fadhila apate zote tatu. Ninamfurahia, ila furaha hiyo inauma.
Nilikuwa nimemaliza hivi: “Mwambie Hakimu kwamba mama yake anakuja.” Nimeyakata maneno hayo.
Mama Hakimu